Jinsi ya kumtaja mmbea kwa Kiingereza bila kujiponza

Kazi yangu ni kuchapa. Nina kompyuta, printa na mashine ya fotokopi katika kibanda hapa Kisumu, si mbali na mahakama, na wateja wangu wengi huja wakiwa wameudhika. Anayetaka wasifu wa kuombea kazi huja ametulia. Anayetaka barua ya malalamiko huja akitweta, anaanza kusimulia kabla hajaketi, na ombi lake la kwanza huwa lile lile: “Mama, weka Kiingereza kikali.” Kiswahili amekimalizia nyumbani, Kidholuo amekimalizia sokoni, sasa anataka lugha ya kumtisha mwenzake kwenye karatasi.

Mimi nimezaliwa Mumias, katika nyumba ya Waislamu ambako Kiswahili ndicho cha kuamkia na cha kulalia. Kwetu majina ya watu hawa hayajawahi kutuishia: mmbea, mdaku, mfitini, mchongezi, mzushi, domo kaya. Kiingereza nacho kinayo, tena tele, na mengine yamebeba historia chafu ambayo mteja haioni. Ukiliokota neno kwenye simu kwa sababu tu linasikika zito, huenda kesho ukawa wewe ndiye unayeandikiwa barua na wakili. Nitaeleza ninavyofanya mimi, mteja akiwa mbele yangu na hasira zake.

Swali langu la kwanza ni hili: alifanya nini, na wewe ulikuwa wapi alipokuwa akifanya? Mtu akikosoa kazi yako, hilo ni jambo moja. Akikufokea ana kwa ana, ni jingine. Akikusema ukiwa hupo, hilo ndilo la tatu, na kila moja lina maneno yake. Wateja huyachanganya yote kwenye sentensi moja. Nimeletewa rasimu inayomwita mama mmoja mkosoaji, mgomvi na mmbea kwa mkupuo, na nilipouliza alichokifanya, kumbe alikataa tu kutia saini hesabu za kikundi mpaka aone risiti. Huyo hana jina baya katika lugha yoyote ninayoijua. Huyo ni mwanachama mzuri.

Tuanze na wakosoaji, maana hao si wagumu. “Critic” si tusi. Mhakiki wa vitabu ni “critic”, wa filamu ni “critic”, hata anayezunguka mikahawa akiandika ni wapi tilapia haijaiva ni “critic”. Ukimwandikia mwenyekiti kwamba mweka hazina ni “critic”, hujashtaki kitu. Kama ni mtu wa kutafuta dosari tu, andika “fault-finder”. Kila karani wa chifu atakuelewa. “Detractor” ni neno la koti na tai: linatoka kwenye Kilatini, kitenzi cha kuvuta na kuondoa, yaani mtu anayejaribu kukupunguzia thamani yako. Linafaa kwenye ripoti ya mradi, pale unapotaka kusema kikundi kina wapinzani wake bila kumgusa mtu kwa jina.

Mtego mkubwa hapa ni “hypercritical” na “hypocritical”. La kwanza ni mtu anayekosoa kupita kiasi. La pili ni mnafiki. Herufi zenyewe zimekaribiana, na simu ikiona umekosea tahajia inakuchagulia inayoitaka yenyewe. Sasa fikiria barua ya mzee wa kanisa kwenda kwa mchungaji wake: alitaka kusema kiongozi wa kwaya anakosoa mno, na barua inafika ikisema kiongozi wa kwaya ni mnafiki. Hapo hakuna kwaya tena. Maneno haya mawili mimi huyasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kabla sijabonyeza kitufe cha kuchapisha.

“Carp” nayo huwachekesha watu wa Kisumu, kwa sababu hapa mtu akisikia “carp” anafikiria samaki. Kitenzi hicho kina maana ya kulalamikia vitu vidogo vidogo bila kuchoka, nacho kilitoka kwa watu wa kaskazini ya Ulaya, kwao kikiwa na maana ya kujigamba. Jina la samaki lilipitia Kilatini. Hawana udugu. “Nitpicker” ni mtu wa dosari ndogondogo pia, na “nit” ni yai la chawa, kwa hiyo mchore akilini mtu aliyeinamia kichwa cha mwenzake akitenganisha nywele unywele mmoja mmoja. Neno zuri, ila ni la maongezi. Kwa rafiki kwenye simu, sawa. Kwa chifu, hapana.

Wanafunzi wa mdahalo, wakija kutoa nakala za notisi zao, hupenda majina ya Kigiriki. Nao nawaambia wachague vizuri. Zoilus aliishi karne ya 4 kabla ya Kristo na alimshambulia mshairi Homer kwa chuki mpaka wenzake wakampachika jina la mjeledi wa Homer. Aristarchus alikuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria. Yeye pia alikuwa mkali kwa mashairi hayo hayo, akiitia alama mistari aliyoishuku, lakini alikuwa msomi na alikuwa na sababu. Majina yao yote mawili yameingia Kiingereza. Ukitaka kumtania mwalimu wako wa insha, mwite “Aristarch”. Ukimwita “Zoilus” na akaenda kulitafuta, alama zako shauri yako.

Sasa tuje kwa wanaofoka, na hapa sitaharakisha, kwa sababu hapa ndipo wanaume wengi huja na rasimu zilizojaa maneno wasiyoyajua.

Kitenzi “scold” hakina neno. Mama humkaripia mtoto, mwalimu humkaripia mwanafunzi, basi. Lakini nomino yake, yaani kumwita mtu “a scold”, ina mzigo. Katika sheria ya zamani ya Uingereza, “common scold” lilikuwa kosa la jinai, na lilikuwa la wanawake. Mwanamke aliyesemekana kuwasumbua majirani kwa kelele na ugomvi alifungwa kwenye kiti kilichowekwa mwisho wa gogo refu, akazamishwa mtoni au bwawani, akainuliwa, akazamishwa tena, watu wakitazama. Wengine walivishwa kichwani chuma chenye umbo la hatamu ya farasi, na kipande chake kikaingia mdomoni kuukandamiza ulimi. Mji wa Leominster ulimzamisha Jenny Pipes mwaka 1809. Kosa lenyewe lilikuja kufutwa Uingereza mwaka 1967, wakati Kenya imekwisha kupata uhuru.

Marekani nako lilivuka bahari. Mwaka 1829, mjini Washington, mwandishi Anne Royall alishtakiwa kwa kosa hilo hilo baada ya kugombana na kundi la waumini waliokuwa wakikusanyika karibu na kwake. Alipatikana na hatia, akatozwa faini ya dola 10, na waandishi wa habari wakamlipia. Kwa hiyo unapoandika kwamba jirani yako ni “a scold”, umeliokota neno lililokuwa likiwatia wanawake majini.

Na ndugu zake “scold” ni wengi. “Shrew” ni mnyama mdogo kama panya, pua imechongoka, ambaye Waingereza wa zamani waliamini kuwa ana sumu. Kisha jina lake likahamishiwa kwa mke mwenye hasira. Angalia lakini “shrewd”, iliyotoka humo humo: siku hizi ni sifa. Nimeletewa barua ambamo mume alitaka kusema mamake mkwe ni mkali, akaandika kwamba ni “a shrewd woman”. Barua ingefika kwa wazee wa ukoo ikimsifu mama mkwe kwa akili za biashara. Bi mkubwa angeiweka kwenye fremu.

“Termagant” sitalichapa kwa ajili ya mteja yeyote, na nina sababu yangu. Wakristo wa Ulaya katika Zama za Kati walibuni mungu wa jina hilo, wakadai Waislamu humwabudu. Katika maigizo yao alikuwa mtu wa makelele na vurugu jukwaani, na baadaye jina likashuka kwa mwanamke mgomvi. Mimi ninayeswali mara tano kwa siku, kwa Mungu mmoja asiye na mshirika, nimlipishe mtu pesa kwa kuchapa uongo huo? Akilitaka sana, kuna vibanda vingine.

“Virago” lina safari ya ajabu zaidi. Limetokana na neno la Kilatini la mwanamume, na mwanzoni lilimaanisha mwanamke shujaa. Kwenye Biblia ya Kilatini, Mwanzo 2:23, ndilo jina Adamu analompa mwanamke alipomwona mara ya kwanza. Leo ni tusi la mwanamke mwenye sauti kubwa. “Harridan” ni kizee mkorofi. “Xanthippe” ni mke wa mwanafalsafa Mgiriki Socrates, ambaye tunaambiwa alikuwa mkali, ingawa hatujawahi kuambiwa na yeye mwenyewe jinsi ilivyokuwa kuishi na mume anayeshinda sokoni akiuliza watu maswali.

Halafu “fishwife”. Hili ndilo nisilotaka kuliona likitoka kwenye printa yangu hapa Kisumu. “Wife” humo ni mwanamke kwa maana ya kale, si mke wa mtu: yaani mwanamke anayeuza samaki. Soko la samaki la London, Billingsgate, lilivuma kwa matusi mpaka jina la soko likawa jina la matusi yenyewe. Sasa shuka Dunga asubuhi, au pita Kibuye siku ya Jumapili, uwatazame akina mama wakipanga mbuta na kupima omena kwa mkebe. Wana sauti, ndiyo, kwani utauzaje samaki kwa kunong'ona? Katika mji huu kuna mawakili, madaktari na machifu waliolipiwa karo kwa omena. Unamwandikia chifu kwamba jirani yako ana tabia ya “fishwife”, naye chifu mamake alikuwa na meza Kibuye. Kesi imekwisha, na umeshindwa.

Ukiyapanga maneno haya yote utaona kitu: mwanamume anayefoka hana orodha kama hiyo. Ana “bully”, ana “loudmouth”, na akizeeka ana “curmudgeon”, ambalo hata lina utamu kidogo ndani yake. Kwa hiyo kipimo changu ni rahisi. Kabla sijachapa neno, namuuliza mteja: kama aliyekufokea angekuwa mwanamume, ungetaka neno hili? Akisita, tunaliacha. Tunaandika “quarrelsome”, mgomvi, au “abusive”, mwenye kutukana, maneno yanayomkaa mtu yeyote. Hakimu akiyasoma hatamwona mwandishi kama mtu mwenye kinyongo na wanawake.

Sasa wambea wenyewe. Hapa ndipo soko lilipo.

“Gossip” lilianza likiwa neno la heshima. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya ndugu kwa njia ya Mungu, yaani aliyemsimamia mtoto wakati wa ubatizo. Baadaye likawa ni rafiki wa kike wa karibu, hasa wale wanaokusanyika kwa mama anapojifungua, na mwisho likawa ni maneno yanayosemwa humo. Ni kama mtu angelichukua neno “somo”, yule mama wa kumfunda mwari, akaligeuza kuwa mmbea. Kwa matumizi ya leo kumbuka mambo mawili. “Gossip” ni mtu na pia ni maneno yenyewe. Na pili, ambalo wateja hawapendi kulisikia, “gossip” inaweza kuwa kweli tupu. Umbea si lazima uwe uongo. Kama alisema umeachwa na kweli umeachwa, huyo ni mmbea, ila hajakuzushia.

“Scandalmonger” ni kali zaidi. “Monger” ni mchuuzi: “fishmonger” ni muuza samaki, “ironmonger” ni muuza vyuma, na huyu anachuuza aibu za watu. Nalo “scandal” lina asili ya Kigiriki, neno la mtego au kikwazo cha kumwangusha mtu. Uchuuzi ni kazi ya kila siku, kwa hiyo usilitumie kwa mtu aliyeteleza ulimi mara moja kwenye matanga. Uwe na matukio kadhaa, na tarehe zake.

“Backbiter” ndilo nilipendalo, kama naweza kusema hivyo. Linasema: anayekuuma mgongoni. Kiswahili kinasema kumla mtu kisogo. Na Kurani, sura ya 49 aya ya 12, inauliza kama kuna mmoja wetu anayependa kula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Kila mahali ni meno. Kwa Kidholuo ni “jakuoth”, na mteja akilitamka neno hilo mezani kwangu kwa sauti ile, najua “backbiter” litamtosha. Tofauti yake na “gossip” ni nia: mmbea anaweza kuwa anajiburudisha, lakini msengenyaji anataka uumie.

Anayebeba maneno kutoka kwako kwenda kwa bosi ni “talebearer”. La watoto ni “tattletale”, usimwitie mtu mzima kwenye barua rasmi, utaonekana wewe ndiye mtoto. “Quidnunc” ni yule anayeamka na “kuna nini leo?”, na Kilatini chake kinasema hivyo hivyo, “nini sasa?” Halafu yupo “Mrs Grundy”, jirani katika mchezo wa kuigiza wa mwaka 1798 ambaye haonekani jukwaani hata mara moja, lakini kila mtu anauliza Bi Grundy atasema nini. Sisi tunasema “watu watasema nini?” Tofauti ni kwamba wao wamempa jina na mume. Ni tamu kwenye insha, ila chifu hatajua ni nani, na ataanza kumtafuta mtaani amwite kwenye baraza.

Kabla ya kuandika chochote, yapo maneno ninayoyaweka kando na kumwuliza mteja mara mbili.

La kwanza ni “slander”, pamoja na “libel”. Haya ni maneno ya sheria. “Slander” ni kuchafua jina kwa mdomo. “Libel” ni kwa maandishi, na ujumbe kwenye grupu ya WhatsApp ni maandishi. Yote yanahitaji kwamba kilichosemwa kilimshushia mtu hadhi, na aliyekisema akithibitisha kuwa ni kweli, kesi inaanguka. Ukiandika “slander” umeshajifunga kwenye uwanja huo. Kama unataka kwenda mahakamani kweli, nenda mapema kwa wakili, kwa sababu kesi ya kuchafuliwa jina inapaswa kufunguliwa ndani ya miezi 12. Na wale wanaokuja wakitaka jirani afungwe kwa kuwasengenya, nawaambia kifungu cha 194 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichokuwa kikimfunga mtu kwa hilo, Mahakama Kuu ilikibatilisha Februari 2017. Utadai fidia. Kwa kifungu hicho hutamwona akipanda gari la polisi.

La pili ni “inciter”. Mteja akisema jirani ni mchochezi, kwa Kiswahili cha mtaani maana yake ni mtu wa kuchonganisha. Lakini “incitement” nchini mwetu inanuka siasa, uchaguzi na vurugu, na hapa Kisumu hatuhitaji kukumbushwa. Ukimwita mtu hivyo kwenye barua inayokwenda kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, umesema kitu kikubwa kuliko ulichokusudia. Kama alikugombanisha na shemeji yako, andika kwamba alikugombanisha na shemeji yako.

La tatu ni “witch”. Wako wanaoliteremsha tu kama tusi la bibi mwenye mdomo mrefu. Sichapi. Sheria ya uchawi ya Kenya inamhesabu mkosaji anayemtuhumu mwenzake kwa uchawi, na sote tunajua bibi wazee waliouawa huko Kisii kwa sababu ya neno lililoanza kama umbea.

Na kuna majina ambayo mteja huyatumia kwa mtu asiyestahili kabisa. “Muckraker” ni mmoja. Rais wa Marekani Theodore Roosevelt alilitumia mwaka 1906 kuwakemea waandishi waliochimbua maovu ya makampuni na wanasiasa, akilichota kwenye kitabu cha Mwingereza John Bunyan, ambamo yupo mtu anayekusanya takataka kwa reki bila kuinua macho juu. Waandishi wale, akina Ida Tarbell na Lincoln Steffens, hawakulifurahia wote, lakini sasa ni karibu cheo. Ukimwita mmbea wa ploti yenu “muckraker”, umempandisha daraja. “Whistleblower” vilevile. David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyezitoa nyaraka za kashfa ya Goldenberg, alitoa siri, ndiyo, lakini alizitoa zifike kwa watu waliokuwa na uwezo wa kuhoji. Mmbea wa mtaani humpelekea habari yule asiyeweza kuifanyia kitu chochote ila kuipeleka mbele. Ukiwa katibu wa kikundi na mwanachama amekwenda kwa ofisa wa ushirika kuuliza hesabu ziko wapi, usije kwangu nimwite “scandalmonger”.

Sasa barua yenyewe. Nitachukua moja, nikibadilisha vya kutosha ili mwenyewe asitambulike.

Alikuja mama anayeuza omena, mwanachama wa chama cha mzunguko huko Nyalenda. Mwanawe alikuwa amemwandikia kwenye simu aya nzima: mwenzake ni “scandalmonger”, ni “backbiter”, ni “hypocrite”, na mwishoni, sijui kwa nini, “termagant”. Nikamwambia, “Dada, hiyo weka pembeni. Alisema nini hasa? Nipe maneno yake, kama alivyoyasema.”

Akafikiri. Akasema baada ya mkutano, wakati watu wanakunja viti, yule mwenzake aliwaambia wawili: “Mmeona gesi mpya kwake? Hiyo ni pesa yetu.”

“Ulikuwepo?”

“Nilikuwa msalani. Niliambiwa na mmoja wa hao wawili.”

“Atakubali jina lake liandikwe?”

Hapo ndipo kazi halisi ilipoanza. Alimpigia simu, akazunguka nyuma ya kibanda, akarudi na jibu la ndiyo. Kisha nikamuuliza jiko la gesi lilitoka wapi. Akafungua fundo la leso yake, akatoa risiti iliyokunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kidole gumba: alilinunua kwa awamu, na awamu ya kwanza ililipwa kabla chama hakijamchagua yeye kuwa mweka hazina. Risiti ile ilikuwa na nguvu kuliko aya nzima ya mwanawe.

Barua tuliyoiandika ilikuwa na sehemu chache. Tarehe na mahali. Maneno yale, kwanza kwa lugha yaliyosemewa, halafu tafsiri ya Kiingereza, bila kuongeza chumvi. Jina la aliyesikia. Kwamba madai si kweli, na risiti imeambatishwa. Kwamba yanamharibia jina mbele ya wafanyabiashara wanaomkopesha mali kwa kumwamini. Na ombi: mwenyekiti aite kikao kama katiba ya chama inavyosema, na mwenzake ama athibitishe ama aombe radhi mbele ya wale wale aliowaambia. Tusi halikuwemo hata moja. Neno kali kuliko yote lilikuwa “false”, na lilikuwa na karatasi nyuma yake.

Alipoisoma hakuridhika mwanzoni. “Mama, mbona haina ukali?” Nikamwomba ajiweke mahali pa mwenzake na aisome tena. Alisoma polepole, akafika kwenye jina la shahidi, akacheka, akalipa.

Kama baada ya kuandika yote hayo bado unahitaji jina la kumwita, basi liweke mwisho, moja tu, na liwe linalomkaa kama nguo ya kushonewa. Alirudia mara nyingi na una tarehe? “Scandalmonger” inasimama. Alikusema mgongoni kwa nia ya kukuumiza na shahidi yupo? “Backbiting”, na ni bora useme kitendo kuliko kumpa mtu jina, kwa sababu kitendo unaweza kukithibitisha, lakini tabia ya mtu nzima utaithibitishaje? Andika alifanya umbea. Usiandike yeye ni mmbea.

Angalia pia barua inakwenda kwa nani. Ikienda kwa mwenye mamlaka ya kulishughulikia jambo, iwe mwenyekiti, mwenye nyumba, chifu au mkuu wa shule, na umeandika kwa nia njema, sheria ina nafasi ya kukukinga hata kama baadaye utaonekana ulikosea kidogo. Ukiipiga picha ukaitupa kwenye grupu ya chama, grupu ya ploti na grupu ya ukoo, kinga hiyo umeitupa nayo. Tena sasa wewe ndiye unayesambaza.

Ichape nakala mbili na utie saini zote. Moja mpe mwenyekiti, ya pili akugongee muhuri wa kupokea ubaki nayo. Chama kisicho na muhuri, aandike jina lake, tarehe na saa kwa kalamu, mbele yako. Risiti usiitoe ile ya asili, ambatisha fotokopi.